Peke yako mlimani: afya ya mtu alalaye usiku mmoja kando ya mto



Mara nyingi ukurasa wa afya huzungumza juu ya mambo ya nyumbani: chakula cha mtoto, usafi wa choo, chandarua cha kitandani. Leo tutoke nje kidogo. Tumfikirie mtu ambaye usiku huu hayumo nyumbani. Amefunga mzigo wake mgongoni, amepanda mlimani peke yake akifuata mto, na giza limemkuta huko huko. Atalala usiku mmoja, na kesho atarudi. Swali letu ni hili: afanye nini ili arudi mzima?

Watu wa namna hiyo ni wengi kuliko tunavyodhani. Yuko mrina asali anayekwenda kukagua mizinga yake. Yuko anayekata njia ya mlimani kwenda msibani kwa sababu gari limekosekana. Na siku hizi wapo vijana, walimu na wageni wanaopanda mlima kwa hiari yao, wakiwa na hema dogo begani, kwa ajili ya kupumzisha akili na kuona nchi. Jambo hilo si baya hata kidogo. Kutembea kwa miguu huimarisha moyo, hushusha shinikizo la damu, na huwafaa hata watu wengi wenye kisukari. Lakini mlima na mto vina kanuni zao, na mtu wa peke yake hukosa nafasi ya kujifunza kanuni hizo baada ya kukosea.

MTO WETU NA MLIMA WETU

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, ambayo mtu wa Songea mjini anaiona kwa macho yake. Huko juu ni vijito vyembamba vipitavyo kwenye mawe na kivuli cha miti. Mto huo husafiri kilometa zipatazo 800 hadi Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya safari hiyo ndiyo mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Upande wa magharibi uko mto Ruhuhu, unaomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Na huko Umatengo, wilayani Mbinga, vijito vingi hushuka kutoka miinuko inayokaribia meta 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Mambo mawili ya nchi hii yakumbukwe. Kwanza, mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo kijito cha kurukwa asubuhi chaweza kumbeba mtu jioni. Pili, miezi ya Juni na Julai ni ya baridi. Kila upandapo meta 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mtu aliyevaa shati moja mjini saa 8 mchana, akifika juu usiku huona kwamba amebadili nchi.

Tuseme pia wazi kwamba somo hili ni la mito ya mlimani. Anayeufuata Ruvuma kwenda chini, kuelekea Namtumbo na Tunduru, anaingia katika mapito ya tembo, na katika maji yenye mamba na viboko. Huko mtu asilale peke yake kabisa.

MTU PEKE YAKE HANA WA KUMTAZAMA

Wengi wakiulizwa hatari ya kulala mlimani husema chui au fisi. Hatari iliyo karibu zaidi ni ndogo na ya kawaida: kuteguka kifundo cha mguu, kulowa, kuharisha, kuteleza wakati wa kuvuka. Mambo hayo yakimpata mtu aliye na wenzake, wenzake humsaidia na safari huendelea. Yakimpata mtu wa peke yake, lile dogo hukua.

Historia ya mto wetu inatufundisha. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, akafuata bonde la Ruvuma kwenda juu, na Agosti mwaka huo akafika Ziwa Nyasa. Januari 1867, alipokuwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa zake zote, pamoja na kwinini. Baada ya hapo homa zilimsumbua, na mwaka 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, amedhoofishwa na malaria na kuhara damu. Hata hivyo hakuachwa porini. Chuma na Susi, pamoja na wenzao, walibeba mwili wake kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Humo mna mafundisho mawili. La kwanza: usiweke dawa zako zote mahali pamoja. Sehemu iwe mzigoni na sehemu iwe mwilini mwako, mfukoni au kiunoni, maana mto ukichukua begi, dawa zitakwenda nalo. La pili ni kubwa zaidi: aliye na wenzake hubebwa. Aliye peke yake hana wa kumbeba, wala wa kumwambia, "Ndugu, midomo yako imebadilika, keti kwanza." Kwa hiyo msaada wake lazima aupange kabla ya kutoka nyumbani, na akiwa njiani lazima ajitazame mwenyewe kama mwuguzi anavyomtazama mgonjwa.

KABLA YA KUONDOKA

1. Mwachie mtu mmoja maneno kamili. Kusema "nakwenda mlimani" hakutoshi. Andika kwenye karatasi: njia utakayopita, kijito utakachofuata, mahali unapotarajia kulala, nguo ulizovaa, na saa ya kurudi. Kisha mpatane: "Nisipofika Jumapili saa 10 jioni, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, usingoje Jumatatu." Ukishaacha maneno hayo usibadili njia. Watakaokutafuta watakwenda kule ulikosema.

2. Pita kwa wenyeji. Mjulishe mwenyekiti au mtendaji wa kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Matogoro ni msitu wa hifadhi, hivyo uliza ruhusa katika ofisi ya misitu. Wenyeji ndio wanaojua kivuko kilichoharibika, nyuki waliohamia karibu na njia, na mahali ambapo maji hufika mvua inaponyesha.

3. Jipime kwa haki. Asiende peke yake mwenye kifafa, mwenye pumu isiyotulia, mwenye seli mundu, mama mjamzito, wala mtu aliyekuwa na homa au kuhara juma hilo. Mwenye kisukari anayetumia sindano aende na mwenzake anayejua dalili za kushuka kwa sukari.

4. Tazama mawingu ya juu ya mlima. Yale ya juu ya nyumba yako hayatoshi. Mvua ikiwa imenyesha mfululizo, ahirisha. Mlima hauhami.

MZIGO

Mzigo usikuelemee. Vitu vyenye kazi ni hivi: sweta na nguo moja kavu ya kulalia, vikiwa vimefungwa katika mfuko wa nailoni usiopitisha maji, blanketi, turubai au hema, chandarua chenye dawa, koti la mvua, tochi na betri za akiba, kiberiti katika chombo kikavu, sufuria ndogo, kisu, kamba, filimbi, na fimbo imara. Simu iwepo, ikiwa na chaji, lakini usiitegemee, kwa kuwa mabondeni mtandao hupotea. Namba za dharura zifahamike: 112 ni polisi, na 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Dawa za mkononi ziwe chache: bandeji pana, kitambaa safi, sabuni, panado, paketi mbili za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, dawa ya kutibu maji, mafuta ya kufukuza mbu, na dawa zako mwenyewe za kila siku za kutosha siku mbili zaidi ya safari.

Chakula kiwe kile kinachotia nguvu bila kupikwa sana: karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, mkate, sukari. Chukua cha mlo mmoja wa ziada. Mwili wenye njaa hushindwa kujipasha joto usiku.

Miguu ivae viatu vilivyokwisha kuzoeleka, pamoja na soksi. Viatu vipya huleta malengelenge, na ndala hazifai kwenye mawe yenye maji. Ukihisi mahali panachoma, simama papo hapo, funika kwa bandeji. Lengelenge likishajitokeza usilipasue. Ngozi yake ndiyo kifuniko kinachozuia uchafu.

MAJI YANAYOMETAMETA

Kosa la watu wengi mlimani ni kuamini macho. Maji yako wazi, ni baridi, yanapita juu ya mawe, basi mtu anachota kwa kiganja na kunywa. Lakini vijidudu vya homa ya matumbo, vya kuhara damu na vya kipindupindu havionekani kwa macho. Juu ya kijito chaweza kuwepo ng'ombe, nyani, au mtu aliyejisaidia jana. Maji kupita juu ya mawe hakuvisafishi.

Mtu wa peke yake akiharisha usiku mlimani hupoteza maji na nguvu, na asubuhi hana miguu ya kushuka. Kwa hiyo tibu kila tone unywalo, hata la kupigia mswaki:

- Kuchemsha ndiyo njia ya hakika. Maji yakitokota kwa nguvu, yaache yaendelee dakika moja. Ukiwa juu sana, kama kwenye vilele vya Umatengo, yaache dakika tatu, maana huko maji hutokota kabla ya kufikia joto kali la bondeni.
- Dawa ya klorini nayo hufaa. Fuata maelezo ya pakiti, kisha ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, kwanza yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Dawa haifanyi kazi vizuri katika tope.
- Ukikosa moto na dawa, jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juani saa 6. Siku ya mawingu njia hii huhitaji siku mbili, hivyo haimfai sana msafiri wa usiku mmoja.

Kiasi cha kunywa ni nusu lita hivi kwa kila saa ya kutembea juani. Usingoje kiu. Ukianza kuharisha, koroga paketi ya chumvichumvi katika lita 1 ya maji safi, unywe kidogo kidogo. Ukikosa paketi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kurundika.

Kuhusu kichocho: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, navyo hupenya ngozi ya mtu katika dakika chache. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, zaidi ya maji ya kasi na ya baridi. Basi kadiri mto unavyoshuka na kutulia, ndivyo uangalifu uongezeke. Usioge wala kuogelea katika vidimbwi vya namna hiyo, hasa mchana, wakati vijidudu huwa vingi. Chota, chemsha, uogee pembeni.

Na kumbuka walio chini yako. Mji wa Songea wenyewe hutegemea vijito vya Matogoro kwa maji yake. Ukitaka kujisaidia, ondoka mtoni angalau hatua 70, chimba shimo la kina cha kiganja, kisha ufukie. Maji ya sabuni nayo yamwage mbali. Unachokitupa mlimani asubuhi, mtoto wa mtu mwingine atakinywa jioni.

KUVUKA MTO

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Maji ya kasi yanayofika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mzigo mgongoni humzuia kuinuka. Fuata mambo haya:

1. Tafuta mahali ambapo mto umepanuka. Huko maji huwa na kina kifupi na mwendo wa pole. Mahali pembamba panapovutia kuruka ndipo penye kasi na kina.
2. Tazama kilicho chini ya kivuko. Kama kuna maporomoko au miti iliyoanguka, usivuke hapo.
3. Baki na viatu. Legeza mikanda ya begi ili uweze kulitupa mara moja.
4. Elekeza uso kule maji yanakotoka, simika fimbo mbele yako, na sogeza mguu mmoja kwa wakati mmoja. Daima viwepo vitu viwili vilivyosimama imara: fimbo na mguu, au miguu miwili.
5. Maji yakipita magoti na yana kasi, rudi.
6. Ukichukuliwa, tupa mzigo, lala chali, tanguliza miguu kule maji yaendako, upige makasia kwa mikono kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama katikati ya mawe. Mguu waweza kunaswa.

Maji yakiwa yamejaa, dawa yake ni kungoja. Mto wa mlimani hujaa upesi na hupungua upesi. Mara nyingi mvua ikikatika, baada ya saa chache hupitika tena. Ndiyo maana tulisema uwe na mlo wa ziada. Mwenye chakula na nguo kavu anaweza kungoja. Mwenye njaa na baridi hulazimika kuvuka. Kwa kweli wengi huingia mtoni si kwa ujasiri bali kwa sababu hawakujiwekea namna ya kukaa.

MAHALI PA KULALA

Simamisha safari mapema, saa 10 jioni hivi. Wakati wa kipupwe, ifikapo saa 12 na nusu jua limekwisha kuzama, na kutafuta kuni gizani ni mwanzo wa kuumia.

Usilale kwenye mchanga wa ukingoni hata ukiwa mwororo namna gani. Tazama vichaka vya kando ya mto. Ukiona majani makavu na takataka zimenasa matawini, jua kwamba maji yalifika hapo siku moja. Ulale juu zaidi ya alama hiyo. Mvua yaweza kunyesha mbali huko juu na wewe usione hata tone. Ukisikia ngurumo ya maji ikiongezeka, au ukiona maji yamegeuka tope na kuleta vijiti na majani, panda juu mara moja. Usirudi kuchukua sufuria.

Usilale chini ya tawi kavu, wala kileleni au chini ya mti uliosimama peke yake wakati wa radi. Usilale katika kibanda kilichoachwa: papasi hujificha katika sakafu na nyufa za udongo, hutoka usiku kunyonya damu, na huleta homa ya papasi, ambayo hupoa na kurudi tena.

Fyeka majani pande zote kabla ya kuwasha moto, na kabla ya kuondoka mwagia maji hadi majivu yapoe mkononi. Moto wa porini wa miezi ya kiangazi huanzia mahali padogo. Na kamwe usiingize jiko la mkaa au makaa ndani ya hema. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia na asiamke.

Tundika chandarua, uchomeke kingo zake chini ya mkeka. Mbu wa malaria huuma usiku, na baridi ya mlimani huwapunguza lakini haiwamalizi.

BARIDI NA VIPIMO VITATU

Watu husema nchi yetu ni ya joto, hakuna anayekufa kwa baridi. Si kweli. Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, moyo na ubongo huanza kushindwa. Hilo halihitaji theluji. Nguo zilizolowa, upepo, uchovu na njaa vinatosha. Ubaya wake ni kwamba baridi huushika ubongo wenyewe unaotakiwa kuitambua. Mgonjwa hutetemeka, kisha mikono inakuwa mizito, kisha maneno yanavurugika, kisha anaacha kutetemeka na kudhani kwamba amepata nafuu, kumbe ndiyo hatari kubwa.

Mtu mwenye wenzake huambiwa. Wewe uliye peke yako, jipime mara tatu: mchana, jioni, na kabla ya kulala.

- Kipimo cha kidole: gusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huo huo, kisha fungua na ufunge kamba ya kiatu. Vidole vikikataa, umepoa.
- Kipimo cha maneno: hesabu kwa sauti kutoka 20 kurudi nyuma hadi 1. Ukikosea au ulimi ukiwa mzito, usiendelee na safari.
- Kipimo cha mkojo: ukiwa mwingi na rangi hafifu, maji yanatosha mwilini. Ukiwa mchache na wa rangi ya chai, keti kivulini unywe.

Ukiona umepoa, fanya haya kwa utaratibu huu: toka kwenye upepo, vua nguo zote zilizolowa, vaa ile kavu, funika kichwa, tandika majani makavu chini yako, kwa sababu ardhi hunyonya joto kuliko hewa, kula, kunywa chai ya moto yenye sukari nyingi. Usinywe pombe. Huleta hisia ya joto kwa kuipeleka damu kwenye ngozi, na huko joto la ndani hupotelea hewani.

NYOKA NA MAJERAHA

Nyoka wengi humkimbia mtu. Moma ni tofauti: hulala tuli njiani, naye huuma anapokanyagwa. Tembea na tochi usiku, gonga fimbo chini, kung'uta viatu asubuhi, usitie mkono shimoni wala chini ya kuni.

Ukiumwa: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Lile jiwe jeusi la nyoka linalosifiwa sana halivuti sumu. Hupoteza muda tu. Vua pete na saa, funga kiungo kwa kijiti na bandeji kisichezecheze, piga filimbi na simu kuomba msaada. Kama hakuna awezaye kukufikia, shuka polepole kwa kupumzika, usikimbie. Dawa ya kupambana na sumu hutolewa hospitalini. Swila akikutemea mate machoni, osha macho kwa maji mengi kwa robo saa, usiyasugue.

Ukivunjika au kuteguka usiweze kutembea, usijiburute gizani. Kaa mahali pa wazi juu ya mto, tandaza nguo ya rangi kali, washa moto wa moshi, piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Sasa ile karatasi uliyoiacha nyumbani ndiyo inayokutafuta.

UKISHARUDI

Ukifika nyumbani, kwanza mwarifu yule uliyemwachia maneno, asije akakusanya watu bure. Lakini safari haijaisha. Magonjwa mengine hujitokeza baadaye, mtu akiwa amekwisha kusahau mlima. Malaria huanza baada ya siku 7 au zaidi, pengine mwezi. Homa ya matumbo huanza baada ya juma moja hadi matatu. Kichocho chaweza kuleta homa, kikohozi na vipele baada ya majuma 2 hadi 8, na damu kwenye mkojo au choo miezi mingi baadaye.

Basi ukipata homa, nenda zahanati upimwe damu siku hiyo hiyo. Usimeze dawa mseto kwa kubahatisha. Na useme mwenyewe: "Tarehe fulani nililala mlimani kando ya mto, nilikunywa maji fulani, nilivuka mahali fulani." Mganga hawezi kujua usipomwambia. Ulikuwa peke yako, hivyo shahidi ni wewe mmoja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, nani huambiwa mtu anapokwenda mlimani peke yake? Asiporudi, nani hutangulia kumtafuta, na baada ya saa ngapi?
2. Kwa nini maji maangavu ya mlimani yanahitaji kuchemshwa?
3. Ni alama gani zinazoonyesha kwamba mto uliwahi kufika mahali ulipotaka kulala?
4. Jaribuni wote kile kipimo cha kidole na cha maneno. Kwa nini kinamfaa zaidi mtu wa peke yake?
5. Vijito vinavyopita kwetu vinakwenda kunywewa na nani?

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kwa mwenda peke yake tungeongeza: na tahadhari hiyo ianzie mlangoni pa nyumba yako.